Bangili ya 925

Haya nitakayoyasema ni kweli kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sijatia chumvi hata punje, na kama nasema uongo basi meno yangu yaliyobaki, yote manne, yang'oke nikiwa nakunywa uji. Asiyeamini aulize mtu yeyote mtaani kwetu. Isipokuwa shemeji yangu. Yeye msimsumbue, ana shughuli nyingi.

Nilistaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kupima mizigo stesheni ya reli. Kazi yangu ilikuwa kumwambia abiria kwamba sanduku lake limezidi uzito, na kazi ya abiria ilikuwa kuniambia kwamba mizani yangu ni mbovu. Mtu aliyezoea kubishiwa kila siku kwa miaka yote hiyo, ukimweka nyumbani ghafla na redio na mto wa kuegemea, anaharibika. Wenzangu waliharibikia kwenye bao na kwenye kunung'unikia wakwe. Mimi niliharibikia kwenye dhahabu.

Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye kalenda. Duka moja la vito lilikuwa likiwagawia watu kalenda za ukutani, zile za karatasi nne, kila karatasi miezi mitatu, na chini ya kila karatasi palikuwa na picha ya pete na maelezo ya namba ndogo inayogongwa kwa ndani. Januari mpaka Machi, 375. Aprili mpaka Juni, 585. Karatasi ya tatu, 750. Ya nne, 916. Mwaka ukaisha na elimu yangu ikaishia hapo hapo, lakini kwa hesabu zangu mimi nilikuwa nimehitimu.

Kanuni yenyewe haina ugumu. Ukichukua madini ya pete ukayagawa sehemu elfu moja, namba inakuambia dhahabu ni sehemu ngapi. 750 maana yake dhahabu ni sehemu mia saba na hamsini, na zilizobaki ni shaba na fedha na mengineyo yanayochanganywa ili kitu kisipinde ovyo. Wengine huhesabu kwa karati, ambapo ishirini na nne ndiyo dhahabu tupu, na kwa hesabu hiyo 750 ni karati kumi na nane. Namba ikipanda, dhahabu imezidi kuwa safi. Sentensi hiyo ya mwisho niliikariri kuliko zote, na ndiyo iliyonitia aibu.

Nikanunua lenzi ya fundi saa, ile ya kubana jichoni, nikahamia kwenye benchi nje ya duka la kinyozi. Wiki ya pili tayari nilikuwa naitwa Mzee Lenzi. Watu walinijia na vidole vyao, shingo zao na masikio yao, nami nikawasomea bure. Bure kabisa. Malipo yangu yalikuwa sura zao.

Alikuja karani mmoja mstaafu mwenzangu, pete yake inang'aa kama taa ya gari jipya.

"Soma, Mzee Lenzi," alisema, akininyooshea kidole kama anayengoja kibusiwe.

"Mia tatu sabini na tano."

"Maana yake?"

"Maana yake, ndugu yangu, kwenye pete hii dhahabu ni mgeni. Wenye nyumba ni shaba."

Kinyozi alicheka mpaka akamnyoa mteja upande ambao hakuombwa. Akaja mke wa mkandarasi, mkufu shingoni mnene kama mnyororo wa kufungia lango. Nikautafuta muhuri kwenye kile kifungo cha nyuma, nikautafuta kwenye kila pete ya mnyororo, nikatoa lenzi nikaifuta, nikatafuta tena.

"Hakuna kitu, mama."

"Labda imefutika kwa kuvaliwa."

"Ilifutika kiwandani, kabla hawajaiandika."

Hakunisalimia tena mpaka leo, na mkufu hajauvaa tena mpaka leo. Basi niliishi hivyo miezi kadhaa, naivua mitaa mitatu dhahabu yao, na sikuwahi kulala vizuri kama siku zile.

Sasa sikilizeni habari ya shemeji. Huyu ni mke wa mdogo wangu, ambaye alitutoka miaka tisa iliyopita akamwachia binti mmoja na cherehani moja. Shemeji amemlea yule binti kwa ile cherehani. Kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho kilikuwa bangili nyembamba ya mama yake. Mama yake aliolewa nayo, shemeji akaolewa nayo, na sasa binti alikuwa anaolewa baada ya wiki saba. Bangili ilikuwa imeshatolewa kabatini, imesuguliwa kwa kitambaa, imewekwa juu ya meza ya cherehani ingoje siku yake.

"Baba mkubwa, hebu nisomee," binti aliniomba.

Nikabana lenzi. 750, safi, imegongwa wima.

"Nzuri," nikasema. "Ila nyembamba. Ukiinua mkono watu watadhani ni mkwaruzo."

Binti akacheka. Mama yake hakucheka. Mimi niliona nimesema kitu cha maana.

Siku mbili baadaye, nikiwa benchini, akaja Mama Marashi. Huyu anauza manukato mlango wa tatu kutoka kwa kinyozi, na mtaa mzima ni yeye peke yake aliyewahi kunikaanga nikanyamaza. Siku moja nilikuwa namsimulia kinyozi jinsi nilivyomzuia tembo asipande behewa la daraja la kwanza kwa kuwa alikuwa na tiketi ya daraja la tatu, naye alipita akauliza, "Na tembo alikuamini?" Kinyozi alirudia neno hilo mwezi mzima. Kwa hiyo tulikuwa na deni letu, mimi na yeye.

Alifungua mkoba akatoa bangili nene, ya njano, nzito, yenye maua yaliyochongwa kwa nje.

"Hii ni ya zamani," alisema. "Inanilemea mkono, inanichania mikono ya nguo. Nataka niigawe, hata nikipata nyembamba tu ya kuvaa kila siku nitashukuru. Imeandikwaje?"

Nikabana lenzi. 925.

Moyo wangu ulipiga kama mlango wa behewa. Kalenda yangu ilikuwa imeishia 916. Hii ilikuwa juu ya 916! Dhahabu iliyokaribia kuwa tupu, nene kama kidole gumba, mikononi mwa mwanamke anayetafuta wa kumgawia. Nilikohoa ili furaha isinitoke usoni.

"Ya kawaida tu," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya viberiti. "Lakini nina ndugu ambaye anaweza kukusaidia."

Nilifika kwa shemeji nikihema.

"Shemeji, dunia imekupenda leo. Kuna bangili ya mia tisa ishirini na tano, nene, na mwenyewe anataka nyembamba. Mnabadilishana, basi."

Mguu wake ulikuwa kwenye pedali ya cherehani. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Hii ni ya mama, shemeji."

"Mama yako angekuwapo leo angekuwa wa kwanza kukimbia."

"Mama yangu hakuwahi kukimbilia kitu."

"Fikiria mtoto basi. Mia saba hamsini, mia tisa ishirini na tano. Ipi kubwa?"

"Una hakika?"

"Mimi, shemeji?"

"Ndiyo maana nauliza."

Niliapa. Niliapa kwa kaburi la mdogo wangu, ambaye ni mume wake, na hapo ndipo alipoacha kubisha. Aliichukua bangili, akaifunga kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki cha gauni la harusi. Alisema kama mtoto atapata kilicho bora kuliko alichopata yeye, basi twende. Nakumbuka nilijisifu moyoni kwamba nimemshinda kwa hoja.

Tatizo moja tu lilinisumbua. Je, Mama Marashi akigundua baadaye alichokitoa, si atakuja kudai kirudi? Kwa hiyo niliandika mkataba. Kwa mwandiko wangu wa stesheni, ule wa herufi zilizosimama, nakala mbili: kwamba wawili hawa wamebadilishana bangili kwa hiari yao, wamezikagua, wameridhika, na hakuna kurudishana hata dunia ipinduke chini juu. Nikamwita kinyozi awe shahidi. Alikuja na povu la sabuni mkononi, mteja wake amebaki na shavu moja.

Mama Marashi aliusoma mara mbili.

"Mzee Lenzi, hiki kipengele cha hakuna kurudishana, ni wewe umekitaka?"

"Mimi hasa."

"Hutaki nikifute?"

"Mama, ukikifuta hatuna mkataba."

Akaniangalia, akamwangalia shemeji, akaniangalia tena. Kisha akatia sahihi upesi sana, na mimi nikamwonea huruma, masikini ya Mungu, haoni anachopoteza.

Siku tatu zilipita. Bangili mpya ilikuwa kubwa kwa mkono wa binti, ikabidi ikapunguzwe. Tulikwenda kwa sonara wote watatu. Mimi nilitangulia, kwa kuwa nilitaka kuona uso wa sonara atakapoiona. Kibanda chake kilikuwa kidogo, meza iliyoungua ungua, misumeno myembamba kama nywele, na jiwe jeusi la kusugulia dhahabu.

"Fundi," nikamwambia, "shika kwa adabu. Hiyo ni mia tisa ishirini na tano."

Akaipindua. "Naiona."

"Umewahi kushika namba hiyo?"

"Kila siku, mzee."

Hilo halikunipendeza. Alichukua tupa akakwaruza kidogo sana upande wa ndani, mahali pasipoonekana, akaisogeza kwenye mwanga. Chini ya njano palikuwa na weupe.

"Mama," alimwambia shemeji, siyo mimi, "hii ni fedha. Fedha nzuri tu, imechovywa dhahabu juu. Nikiipasha moto kuipunguza rangi itaharibika, itabidi niichovye upya. Nifanye?"

Shemeji alisogeza kichwa karibu na ule mkwaruzo.

"Fundi," nikasema, "namba ikipanda si ndiyo usafi unazidi?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa hii ni fedha safi. Sehemu mia tisa ishirini na tano za fedha katika elfu moja, zilizobaki ni shaba. Hiyo ndiyo namba ya fedha tangu sijazaliwa. Namba inakuambia ni sehemu ngapi, mzee. Sehemu ngapi za nini, hilo unatakiwa uwe unalijua kabla hujashika lenzi."

Akaitazama lenzi iliyokuwa ikining'inia shingoni mwangu kwa kamba ya kiatu. Nikaificha ndani ya shati.

Tulirudi kwa miguu. Laiti shemeji angenitukana! Nimetukanwa na abiria wa kila kabila, najua jinsi ya kulibeba tusi. Lakini alitembea tu, kile kitambaa mkononi kikiwa kitupu, na binti akiwa amemshika kiwiko. Ni binti aliyegeuka kwenye kona.

"Baba mkubwa, bangili ya bibi nairudishaje?"

Nikasema niachieni mimi.

Nilimkuta Mama Marashi anapanga chupa. Bangili ya mama yake shemeji ilikuwa mkononi mwake, nayo, haki ya Mungu, ilimpendeza.

"Mama, ulinidanganya."

"Nilikuambia ni ya zamani, nzito, sipendi. Neno dhahabu mimi nililitamka lini?"

Nikafikiri. Hakulitamka. Hata nafasi ya kulitamka sikumpa.

"Ulijua ni fedha."

"Niliinunua mwenyewe, nitakosaje kujua? Nilikuletea ili nione utasema nini. Ukasema ya kawaida. Nikasema moyoni, kumbe mzee anajua kitu! Halafu ukaja na mkataba." Akautoa chini ya boksi la chupa, umekunjwa vizuri. "Nikakuuliza nikifute. Ukasema nini?"

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika wembe, hataki kupitwa.

"Alisema ukikifuta hakuna mkataba," kinyozi akasema. Shahidi wangu mwenyewe.

Niliomba, nikamtaja yatima, nikamtaja marehemu. Mama Marashi alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Yule binti simdhulumu," alisema. "Bangili nitamrudishia. Lakini wewe uliyekuja hapa kuniibia, huondoki bure. Chagua. Njia ya kwanza, unilipe bei ya dhahabu yake kwa gramu, kama ya dukani."

Akataja kiasi. Kilikuwa karibu sawasawa na pesa nilizokuwa nimeweka kununua bati mpya za nyumba yangu, na kwenye nyumba hiyo mvua ikinyesha mimi huoga sebuleni.

"Njia ya pili?"

"Asubuhi thelathini, Jumatatu mpaka Ijumaa. Unakuja hapa, unanijazia vichupa, unapokea wateja. Unaruhusiwa kusema karibu, asante, na bei. Hadithi hapana. Hata moja. Siku utakayotoa hadithi dukani kwangu, unalipa pesa zote siku hiyo hiyo."

Nilicheka kwa ndani. Bure! Kukaa kimya ni bure!

Ndugu zangu, kukaa kimya siyo bure. Wiki ya kwanza nilipata kikohozi. Wiki ya pili nilianza kuota natoa hotuba. Nilikuwa nimeshika kifaneli kidogo, namimina manukato ya waridi tone kwa tone, na wateja wanaingia na makosa yao ya wazi kabisa: mwenye hereni zenye herufi GP, maana yake zimechovywa tu dhahabu, anayejiita tajiri, mwenye pete ya 585 anayesema ni dhahabu tupu. Karibu, mama. Asante, mama. Mke wa mkandarasi alisikia habari akaja siku tatu mfululizo, hanunui kitu, ananusa chupa na kunitazama usoni. "Mzee mwenyewe siku hizi mpole," anasema. Asante, mama.

Binti alikuwa akipita akienda kazini, ananionyesha vidole: zimebaki kumi. Zimebaki sita. Harusi ilikuwa Jumamosi, na siku yangu ya thelathini ilikuwa Alhamisi. Nilihesabu vizuri.

Siku ya ishirini na nane akaingia bwana mmoja wa suti, mkufu nje ya tai. Mama Marashi alikuwa stoo, nyuma ya pazia, anatafuta vizibo.

"Nataka kitu kinachoendana na hadhi," bwana yule alisema, akiushika mkufu. "Hii siyo dhahabu yenu ya mia saba hamsini. Hii ni mia tisa ishirini na tano."

Niliweka kifaneli chini. Nilitazama pazia, halikutikisika. Jamani, niambieni, nani angevumilia?

"Bwana mkubwa," nikasema taratibu, "hiyo ni fedha."

"Fedha?"

"Fedha iliyochovywa. Mimi nimeijua mia tisa ishirini na tano miaka arobaini sasa. Stesheni lilikuja sanduku moja, nikaliweka kwenye mizani, mshale ukazunguka mara tatu ukarudi kupumzika. Nikalifungua. Beseni la kuogea! La njano! Nikasema hilo fedha hilo, kwa kunusa tu."

"Kwa kunusa?"

"Kunusa. Watu hawajui, bwana. Nina shemeji yangu mimi, mke wa marehemu mdogo wangu, mwanamke mzuri lakini namba hazijui kabisa. Alikuwa na bangili ya mama yake, 750 halisi. Akaona hii yenu ya 925, macho yakamtoka. Nikamwambia shemeji, usibadilishe! Nikampigia magoti! Hakunisikia. Tamaa, bwana. Ikabidi mimi ndiye nije nimkomboe, ndiyo hivyo unavyoniona hapa."

Bwana wa suti hakuwa akinitazama tena. Alikuwa akitazama nyuma yangu, kwenye mlango wa mtaani.

"Endelea, shemeji," sauti ikasema. "Ulipiga magoti upande gani wa cherehani?"

Alikuwa amesimama na binti yake. Walikuja kuchagua manukato ya harusi. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, na sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua. Pazia likafunguka. Mama Marashi akatoka na vizibo vyake, akaviweka mezani kimoja kimoja.

"Mama," nikasema, "nilikuwa nataja bei."

"Ya beseni?"

Bwana wa suti akatoka kimyakimya, akiuingiza mkufu ndani ya shati.

Shemeji alisogea mpaka karibu. Nilingoja tusi, nililitamani. Akasema, "Nimeshona siku zote hizi nikisema moyoni, shemeji alikosea, lakini sasa anaumia kwa ajili ya mtoto. Kumbe unanitembeza mtaani." Kisha akaninyooshea kiganja, siyo ili nikishike. "Nenda kalete."

Nilikwenda. Bahasha ya pesa za bati ilikuwa chini ya godoro. Niliipeleka dukani mwenyewe, kwa miguu yangu, kinyozi ameacha mteja mlangoni anisindikize kwa macho. Mama Marashi aliivua bangili mkononi mwake, akaifuta kwa kitambaa chenye manukato, akamvisha binti. Ilimkaa sawasawa. Shemeji akaigeuza kidogo mpaka muhuri ukawa ndani, akaiachia.

Mama Marashi akahesabu noti. Akahesabu tena.

"Zimepungua mbili."

"Hesabu vizuri, mama. Nimezitoa zote kwenye bahasha, haki ya Mungu."

"Kwenye bahasha ndiyo," shemeji alisema. "Hizo mbili zinachungulia kwenye mfuko wako wa shati."

Nikazitoa.